Saratani gani hii inayofuata saa za kula?

Ndugu Mhariri,

Nanunua gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Ila ile habari yenu kwamba uvimbe wa chini ya taya ni saratani, mliyoipa kichwa kama tangazo la msiba, imenishinda kumeza.

Mwaka juzi mama yangu, hapa Uyole, alianza kuvimba chini ya taya la kulia. Akila, hasa embe bichi kwa chumvi, panatuna kama kaficha gololi na machozi yanamtoka. Baada ya saa moja au mbili panarudi. Tulimpeleka hospitali moja mkoani. Kijana wa koti jeupe akapapasa kwa vidole viwili, hakumwangalia mdomoni, hakuuliza panavimba saa ngapi, akatamka palepale koridoni foleni nzima ikisikia: "Bibi, hii ni saratani, jiandaeni." Tujiandae na nini? Tukauza ng'ombe wa maziwa, na viazi vikauzwa vikiwa bado ardhini. Kufika nyumbani tukakuta habari imetutangulia. Jirani kaja na kanga za msiba, eti kazipata kwa bei nzuri soko la Mwanjelwa! Dar es Salaam, daktari wa kinywa na meno aliweka kidole kimoja chini ya ulimi, kingine nje ya taya, akasema: kijiwe, kimeziba njia ya mate. Picha ikaonyesha hivyohivyo. Sindano ya ganzi, kikatolewa kupitia mdomoni: kitu cha manjano, punje ya mchele wa Kyela. Mama anakitunza kwenye kiberiti, na mgeni huonyeshwa kabla hajapewa chai.

Daktari alisema vijiwe vya mate, karibu 80 kwa kila 100, hukaa tezi hiyohiyo ya mate iliyo chini ya taya. Na uvimbe unaoota kwenye tezi kubwa ya mate ya mbele ya sikio, wengi wake si saratani. Sisemi watu wasipime. Uvimbe unaozidi kukua hata kama hauumi, au uso kupooza upande mmoja, huo uchukuliwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe haraka.

Na haya majibu ya koridoni, nani aliyaruhusu? Hata bei ya mbuzi mnadani watu hunong'onezana.

Nashauri kila meza ya daktari iwekwe limao na kisu. Mwenye uvimbe alambe kipande, wakae dakika tano wakitazama taya, ndipo waanze kuulizana maswali. Malimao nitapeleka mwenyewe kila Jumatatu. Ng'ombe wa kukamua sina tena.

Mkulima wa viazi,
Uyole, Mbeya.