Probox ya mtumba ikaguliwe injini ikiwa baridi

Mhariri,

Wanaotafuta gari la mtumba lenye buti pana kwa bei nafuu wengi huishia kwa Toyota Probox au Fielder. Si vibaya, ila fika injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto huenda anaficha jambo. Injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500, iliyo katika nyingi ya gari hizi, huendesha vali zake kwa cheni, si mkanda. Ikigongagonga sekunde chache baada ya kuwashwa, huenda cheni imelegea, mara nyingi kwa sababu oili ilicheleweshwa kubadilishwa. Moshi wa bluu ni dalili kwamba inachoma oili. Fielder ya CVT (giaboksi otomatiki isiyo na gia za hatua) inayotetemeka ikiondoka, iache: giaboksi ni ghali. Probox iliyobeba miraa (nyingi zimebeba!) ikaguliwe shokomzoba na kutu chini ya zulia la buti.

Fundi, Thika