Chebet, nimeuchezea mwaka wa 2006

Kisumu, Jumanne usiku

Mama Kiprop,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi tu wazima. Mama bado anakohoa kidogo, mtoto wa Adhis amepita mtihani, stima imepotea tangu saa moja na ndiyo maana naandika kwa tochi ya simu. Najua imepita miezi minne bila neno langu. Nilikuwa na aibu, utaona kwa nini.

Unaukumbuka ule ubao niliokusimulia kwenye harusi ya Nafula? Umeisha. Karibu uishe. Una nyuzi nane kama nyatiti, ala ya Kiluo, nailoni ileile wanayovulia watu wa Dunga, na kila uzi una mota ndogo ya kuuchapa. Kompyuta ya ukubwa wa kiberiti inasoma maji ya Ziwa Victoria yalikuwa juu au chini kiasi gani, mwezi baada ya mwezi, tangu mwanzo wa 1961, mwaka wa mafuriko, hadi mwisho wa 2020. Maji yakiwa juu, unalia uzi wa sauti nyembamba. Yakiwa chini, ule mnene. Miezi 720, mapigo matatu kwa sekunde: dakika nne kamili. Mbao na vyuma vyote nimechongewa na vijana wa Kibuye, na wamenichaji kama mgeni.

Mzee Opondo ndiye aliyezitia nyuzi sauti, Atieno wa maji ndiye aliyenipa tarakimu, na mimi niko katikati nikifanya kazi ambayo hata sijui inaitwaje. Juzi nilikuwa najaza fomu ya mkopo, kijana akaniuliza, "Madam, wewe ni fundi, msanii au mwalimu?" Nikamwambia vyote vitatu na hesabu kidogo. Akaandika "biashara nyingine". Mkopo wenyewe usiniulize.

Sasa, Atieno na Mzee hawapatani. Atieno anasema Mei 2020 kipimo cha maji cha Jinja, Uganda, kilisoma mita 13.42, wakati ile ya 1964 ilikuwa 13.41, kwa hiyo rekodi ilivunjwa na lazima isikike. Sentimita 1, Chebet! Nikamweleza kwamba kutoka maji machache kabisa hadi mengi kabisa ni zaidi ya mita 2, nikigawa kwa nyuzi nane kila uzi unabeba zaidi ya sentimita 25, na hiyo moja yake inalala humohumo ndani ya uzi mmoja. Hakupendezwa. Mzee akacheka mpaka akakohoa: "Nyathina, aliyehama Dunga na godoro kichwani alihesabu sentimita?" Hapo nilisimama na Mzee.

Lakini kwenye 2006 nilisimama na nani? Hilo ndilo linaninyima usingizi. Unakumbuka ziwa lilivyorudi nyuma mwaka ule, ukame huku na maji mengi yakiachiliwa kule Jinja kwa ajili ya umeme. Kwenye ubao, inakuwa uzi mnene peke yake, du, du, du, du, sekunde kadhaa bila kubadilika. Mzee akaweka mkono sikioni akasema hapo wimbo umekufa. Nami, saa sita ya usiku, nikafungua programu nikaingiza mapigo machache ya uzi wa pili, huku na huku, upate kucheza. Ukawa mtamu ajabu. Mzee akatikisa mguu.

Ila maji hayakucheza, Chebet. Yalikaa chini. Nimemtia Atieno maneno ambayo kipimo hakikusema, na yeye hajui. Tungekuwa tunachora kanga tu ningelala fofofo. Nikijitetea nasema hata kuziita namba nyuzi ni kuzigeuza tayari. Nikijishtaki nasema kugeuza ni kitu kimoja, na kuongeza maji yasiyokuwepo ni kingine. Halafu naucheza tena nausikia ulivyo mtamu, na mwanasheria wangu anarudi kazini.

Nilikuwa nasoma habari za yule Frank Malina, aliyekuwa akiunda roketi Marekani, kisha akahamia Paris akawa msanii wa picha zinazotembea kwa taa na mota. Mwaka 1968 akaanzisha jarida, Leonardo, ili wasanii wenyewe waeleze kazi zao zinavyotengenezwa, kama wanasayansi wanavyoeleza zao. Nikawaza, basi niandike ukutani kando ya ubao: hapa nimeongeza mapigo. Kisha nikawaza nani atasoma. Kisha nikawaza Atieno atasoma.

Atieno anakuja kusikiliza Jumamosi.

Jambo lingine, na hili ni ombi kabisa. Mota zangu zinapiga kelele kuliko nyuzi. Zzz-du, zzz-du. Watu watadhani ni mashine ya kusaga. Ile mashine yako ya kuangua vifaranga inageuza mayai usiku kucha na hata paka haamki, ulifanyaje? Ulikata mpira wa tyubu ukaweka chini ya mota, au ulipunguza umeme? Unaweza kunitumia mota mbili kwa matatu ya asubuhi, au afadhali uje mwenyewe na Kiprop? Mama atawapikia mbuta.

Na 2006 niirudishe ilivyokuwa? Nimwambie Atieno kabla hajasikia au baada? Wewe ungesikia tofauti kweli, au ni mimi tu? Na ukija, utakaa upande gani, wangu au wake? Nijibu kabla ya Ijumaa, betri iko asilimia nane.

Wako,
Awuor