Mtu asiyeamini watu atapendaje?

Ndugu Mhariri, salamu kutoka Bombo, hapa Uganda.

Naandika kwa sababu ya ukurasa wenu wa mapenzi, maana kila nikiufungua naona mbinu za kumnasa mpenzi anayechepuka, mara kagua simu yake, mara mpigie kwa laini mpya, na vijana wanasoma alafu wanaishi hivo hivo. Hapa steji ya boda ukiwauliza watakwambia wasichana wote wanataka pesa tu, wasichana nao wanasema wanaume ni wale wale, alafu jioni hao hao wanalalamika hawapati mtu wa kuwapenda kwa dhati. Sasa jamani utampendaje mtu uliyemhukumu kabla hujajua hata jina lake?

Wengi tunafikiri mapenzi yanakuja kwanza ndo kuaminiana kunafuata. Mimi naona mtu anaingia tayari akiwa na imani na binadamu au akiwa hana, na hapo ndo inaamuliwa kama moyo utafunguka. Kupenda ni kumwonyesha mwenzio panapokuuma, deni la karo, mama mgonjwa kijijini, na asiyeamini watu hayo hasemi, anabaki na stori za juu juu na picha za WhatsApp, mwaka unaisha hamjuani.

Na utafiti wa mambo haya ulipita hapa hapa kwetu. Mwaka 1954 msomi wa saikolojia, Mary Ainsworth, alikuja Kampala na mume wake, akawa anatembelea familia 26 za vijiji vya karibu, anarudi kila baada ya wiki mbili kuangalia mama na mtoto tu. Akaona mtoto mwenye uhakika na mamake anatambaa mbali, anachezea vitu, anageuka kumtazama mama alafu anaendelea, lakini asiye na uhakika analia hata akiwa amebebwa. Kitabu chake kilitoka 1967. Baadaye Wamarekani wawili, Cindy Hazan na Phillip Shaver, wakapeleka fikra hiyo kwa watu wazima, wakaweka maswali kwenye gazeti la Denver na 1987 wakatoa matokeo: katika majibu 620, kama asilimia 56 walisema wanaona rahisi kumkaribia mwenzao na kumtegemea, 25 wanakwepa ukaribu, 19 wanaishi na hofu ya kuachwa. Wale wa kwanza ndo waliosema penzi lao lilikuwa la furaha na kuaminiana, na lilidumu miaka mingi kuliko ya wengine.

Sisemi mwamini kila anayekuja na maneno matamu. Dada aliyeliwa pesa zake au aliyepigwa ana haki kabisa ya kuogopa na inaniuma sana nikisikia watu wanamwambia "amini tu". Ndo maana naheshimu vile Waganda walivyompa ssenga, yaani shangazi, kazi, kabla ya kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, anaulizia mtu ni wa ukoo gani na tabia yake ikoje, yaani hata kama wewe humjui kijana, kuna mtu unayemwamini ambaye amemfuatilia. Siku hizi mnakutana Facebook, shangazi hayupo, uko peke yako na hofu yako. Basi anza na vidogo, amesema atapiga saa mbili usiku, amepiga? Kama hakupiga, kesho amekwambia sababu bila kuulizwa? Ukiona neno lake linasimama wiki baada ya wiki mwongezee kidogo, mwambie kitu ambacho hujamwambia mtu.

Kwa hiyo Mhariri ombi langu ni moja, hizo mbinu za kunasa zipumzisheni mwezi mmoja, mchapishe maswali kama yale ya Denver kwa Kiswahili, wasomaji tujibu bila majina kutoka Arua mpaka Mbale, alafu mtuchapie majibu tuone sisi tuko kundi gani. Mimi nitajibu siku hiyo hiyo.

Msomaji wenu,
Bombo