Wiki Moja Charleston, na Bi Mkubwa Kwenye Gari

Charlotte, North Carolina
8 Februari

Kwako shoga yangu Mama Salma,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, watoto wamekwenda shule, baba yao yuko kazini, nami leo sina zamu, ndiyo maana nimekaa nikuandikie barua yenye kichwa na miguu badala ya zile sauti ndefu tunazorushiana WhatsApp usiku wa manane. Mfikishie mama yako, Bi Mkubwa, shikamoo yangu. Mwambie theluji ya Minnesota isimvunje moyo, Marekani si yote barafu, na kabla hajarudi Tanga tutamshusha kusini akanuse bahari.

Ratiba yako nimeisoma. Siku mbili Charleston, South Carolina, siku mbili Savannah, siku moja Myrtle Beach, zilizobaki barabarani. Shoga, hayo si mapumziko, hiyo ni ziara ya mgombea urais. Umesahau magoti ya mama yako? Mimi naomba tubaki Charleston wiki nzima, tutoke nje ya mji siku moja tu. Savannah ni mji mzuri, sibishi. Ulipoanzishwa mwaka 1733 ulipangwa na viwanja vya wazi katikati ya mitaa, na 22 bado vipo na miti yao mikubwa. Lakini uko mwendo wa saa mbili, hauhami. Myrtle Beach ni hoteli na mchanga, na mchanga tutaukuta hapo hapo.

Tarehe zako zimenipendeza: mwisho wa Machi, Idi ikishapita. Julai na Agosti joto la kule halina adabu, na msimu wa vimbunga unaanza Juni mosi hadi mwisho wa Novemba. Wenyeji hadi leo wanahesabu miaka kwa Hugo, kimbunga cha Septemba 1989. Mwisho wa Machi maua ya azalia yamechanua na jua halijawa kali. Kasoro yake ni chavua ya misonobari, inaanguka kama unga wa manjano juu ya magari, kwa hiyo mbebee Salma dawa yake ya mzio.

Sasa malazi. Katikati ya mji, kwenye nyumba za kale, ukiona bei ya hoteli utauliza kama ni ya usiku mmoja au ya mwezi. Nimetafuta ng'ambo ya mto, James Island na West Ashley, kuna nyumba za kupanga zenye jiko, na ni karibu tu kwa gari. Sharti langu ni kwamba nyumba isiwe juu ya nguzo. Wengi kule wanazinyanyua kwa ajili ya mafuriko, na ngazi zake zitamfungia Bi Mkubwa ndani. Nyie rukeni hadi Charleston, mimi nitakuja na gari kutoka hapa, ni saa tatu na kitu, nikiwa na boksi la barafu lenye nyama ya halali ya wiki nzima. Msikiti upo mjini, kwa hiyo Ijumaa haitatupita.

Jambo jingine ambalo Bi Mkubwa atalielewa kabla yetu: mji umekaa kwenye ulimi wa ardhi baina ya mito ya Ashley na Cooper, na sehemu nyingi zilikuwa vijito vya maji chumvi vikafukiwa. Bamvua likija, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yanapanda kupitia mitaro hadi barabarani hata kama hakuna tone la mvua, hasa karibu na soko. Watu wa huko wanatazama jedwali la maji kwenye simu kabla ya kuegesha gari. Sisi tutamuuliza Bi Mkubwa mwezi una siku ngapi.

Najua ulitaka tuanze na Rainbow Row, zile nyumba 13 za rangi rangi pale East Bay Street, upige picha nguo zikiwa bado zina mistari ya pasi. Picha utapiga. Lakini siku ya kwanza twende kwanza Gadsden's Wharf, gati la zamani walikoshushiwa watumwa. Ukianza na nyumba utauliza nani alikuwa na fedha za kujenga hivi. Ukianza bandarini, utakapofika kwenye nyumba utauliza nani aliyefyatua matofali. Na jibu lipo ukutani: kwenye baadhi ya matofali ya mji ule bado zinaonekana alama za vidole vya watumwa walioyafinyanga, na baadhi ni vidole vya watoto.

Pale gatini kuna International African American Museum, makumbusho yaliyofunguliwa Juni 2023. Jengo lote limenyanyuliwa juu ya nguzo, na chini yake hawakujenga kitu, kwa sababu ardhi yenyewe ndiyo habari. Kuanzia 1806 hadi mwisho wa 1807 merikebu za watumwa zilizoingia Charleston zilitakiwa kushushia hapo, zikiwahi sheria iliyopiga marufuku kuingiza watumwa Marekani kuanzia 1 Januari 1808. Wafanyabiashara waliwaweka watu kwenye maghala wakisubiri bei ipande, na wengi walikufa humo kwa baridi na maradhi. Karibu na maji kuna sakafu iliyochorwa miili ya watu waliolazwa kwa safu, bega kwa bega, na maji yanaifunika kisha yanaondoka. Usimharakishe mtu pale. Tiketi tununue mapema mtandaoni, zina saa ya kuingia.

Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 40 ya Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika ya Kaskazini waliingilia Charleston. Bi Mkubwa atauliza swali moja, namjua: wa kwetu walikuwemo? Wengi walitoka Senegambia, Sierra Leone, Kongo na Angola. Ila katika miaka ile ya mwisho zilifika pia merikebu kutoka Msumbiji, kwa hiyo siwezi kumwambia hapana. Na yeye amekulia Pangani, mji ambao misafara kutoka bara iliishia mdomoni mwa mto wake. Sidhani kama tutakuwa na la kumfundisha. Tumwache aseme akitaka.

Mchana ule tusipange kitu kingine. Turudi, tupike, tulale.

Siku ya pili ndiyo ya nyumba zako. Utaona nyingi zimeipa barabara ubavu: chumba kimoja kwa upana, na ubavuni baraza ndefu ya kila ghorofa, imeelekezwa kusini au magharibi ipate upepo wa bahari. Mlango wa mtaani ukifunguliwa hauingii ndani, unaingia barazani. Mtu wa pwani haoni ajabu hapo. Tazama pia vyuma vya duara kwenye kuta, ni vichwa vya nondo ndefu zilizopitishwa kushikilia majengo baada ya tetemeko la 31 Agosti 1886. Na mageti ya chuma yaliyosukwa: mengi mazuri ya karne iliyopita ni kazi ya Philip Simmons, mhunzi mweusi aliyefariki 2009 akiwa na miaka 97. Mabasi ya mjini yanayoitwa DASH hayatozi nauli, kwa hiyo Bi Mkubwa akichoka tunapanda. Mtaa wa Chalmers tu ndio utakaotutesa, mawe yake ni ya mviringo na hayako sawa, lakini hatuwezi kuupita maana Old Slave Mart, soko la zamani la watumwa ambalo sasa ni makumbusho, iko hapo. Mwaka 1856 baraza la mji lilikataza minada ya watumwa hadharani barabarani, wenye biashara wakahamia ndani ya kuta. Aibu ilifichwa, biashara ikaendelea. Ni mahali padogo, maandishi mengi, saa moja inatosha.

Kanisa la Emanuel, la Wamarekani weusi, lipo Calhoun Street. Tusimame nje tu, na simu mfukoni. Denmark Vesey, seremala aliyeshinda bahati nasibu akanunua uhuru wake, alikuwa mmoja wa watu wa jumuiya ile ya waumini; mwaka 1822 alinyongwa pamoja na wenzake 34 kwa kushtakiwa kupanga uasi. Na tarehe 17 Juni 2015 kijana mbaguzi alikaribishwa kwenye darasa la Biblia, akakaa nao, kisha akawaua tisa. Calhoun ambaye mtaa umepewa jina lake ndiye mwanasiasa aliyeutetea utumwa kuwa ni jambo jema. Sanamu yake iliyokuwa jirani iliondolewa Juni 2020, jina la mtaa limebaki.

Fort Sumter, ile ngome ya kisiwani ambako vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza 12 Aprili 1861, baba Salma akija atataka kwenda. Boti zipo, aende na watoto. Sisi tutawangoja ufukweni na karanga za kuchemsha, maana kule wanaziuza na maganda yake, zimekolea chumvi barabara.

Kuhusu mashamba makubwa ya zamani: yapo mengi na mengine yamekuwa kumbi za harusi. Mimi nachagua McLeod, kule James Island. Wanaotembeza watu pale wanaanza na vibanda vya watumwa, si na jumba, na wanaeleza kwamba baadhi ya vibanda vile vilikaliwa na familia hadi 1990. Ukitoka hapo Johns Island si mbali, kuna Angel Oak, mwaloni wa karne kadhaa ambao matawi yake yameinama hadi chini kisha yakanyanyuka tena. Watoto wakatazwe mapema kuupanda, wasisubiri mlinzi.

Siku ya kutoka nje ya mji iwe ya Beaufort na kisiwa cha St. Helena. Hii ndiyo siku ninayoitamani kuliko zote. Visiwa vile ndiko walikobaki Wagullah, wazao wa watumwa waliokuwa wakilima mpunga na pamba, na kwa kuwa bahari iliwatenga walihifadhi lugha yao, mapishi na ufundi. Mpunga wa Carolina ulitajirisha mabwana kwa ujuzi wa watu waliotoka pwani ya Afrika Magharibi, waliokuwa wakijua kufungia na kufungulia maji ya mashamba. Kule St. Helena kuna Penn Center, iliyoanza 1862 kama shule ya watu waliokuwa ndiyo kwanza wametoka utumwani. Na Beaufort kuna nyumba ya Robert Smalls. Huyu alikuwa mtumwa, rubani wa meli ya Planter. Alfajiri ya 13 Mei 1862, maofisa wakiwa wamelala mjini, aliing'oa nanga kutoka Charleston na familia yake ndani, akavaa kofia ya nahodha, akapiga honi za ishara kila ngome aliyoipita, akaikabidhi meli kwa jeshi la kaskazini. Baadaye akainunua nyumba ya bwana wake wa zamani, akawa mbunge huko Washington. Mwachie Bi Mkubwa hadithi hii nimsimulie mimi, tafadhali usiniharibie.

Ijumaa baada ya sala tuvuke daraja la Ravenel kwenda Mount Pleasant. Kando ya barabara namba 17 wanakaa akina mama wa Kigullah na vikapu vyao vya nyasi inayoitwa sweetgrass. Hawasuki ukili kama sisi. Wanaviringisha nyasi na kuishona kwa ukuti wa mnazi-mwitu wa huko, wakitoboa kwa mpini wa kijiko. Bi Mkubwa, kwa mikeka aliyoisuka maisha yake yote, atakaa hapo hadi tumbebe. Lakini umweleze kabla: bei ni mamia ya dola na hatupatani. Kikapu kimoja kinachukua siku hata wiki, na nyasi zenyewe zimekuwa adimu kwa kuwa fukwe zimejengwa. Akianza kusema ‘punguza mwanangu' mimi nitajifanya simjui. Kisha tumalizie Sullivan's Island. Kuna kibenchi cheusi cha chuma kinachotazama maji, kiliwekwa 2008 kuwakumbuka waliofika wamefungwa.

Chakula kina mtego. Kamba wapo, samaki wapo, kaa na chaza wapo, bamia wapo. Lakini kamba wanaopakuliwa juu ya uji mzito wa mahindi mara nyingi wamekaangwa na nyama ya nguruwe, wali mwekundu hivyo hivyo, majani ya mboga hupikiwa na mfupa wake, na ile supu ya kaa wanayojivunia hutiwa mvinyo. Muulize mhudumu bila haya, wamezoea. Biskuti za ufuta ni salama kwa nijuavyo, soma tu karatasi. Siku nyingine tununue kamba wabichi nipike mwenyewe kwa nazi, uje na ndimu.

Nijibu kabla ya Jumapili: baba Salma anakuja au la, maana nyumba niliyoiona ina vyumba vitatu na bei inapanda kila nikiifungua. Uniambie pia kama Bi Mkubwa anakwenda na fimbo au anataka kiti cha magurudumu kwa siku ya makumbusho. Asione haya, nimwazimie huku. Na mje na viatu vya kutembelea. Ndala nazijua, umezifungasha tayari.

Wako akupendaye,
Mama Idi