Kelele za magari Tabora: mafundi nasi tulaumiwe

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu wa hapa Tabora, aliyelalamikia magari madogo yanayonguruma usiku kati ya stesheni ya reli na Isevya, akawatupia lawama vijana wanaoyaendesha. Malalamiko yake ni ya haki, maana hata mimi nalala mji huohuo, ila lawama ameigawa vibaya. Kijana hana grenda wala mashine ya kuchomelea. Gari huingia gereji likiwa kimya, likatoka likipiga kelele, na aliyelikata ni fundi. Mimi ni fundi, nina miaka ishirini na miwili katika kazi hii, na mofla, yale makopo ya bomba la moshi yanayopunguza sauti, nilizoziondoa kwa mikono yangu sikumbuki idadi.

Mteja wa namna hii mara nyingi hasemi kwamba anataka kelele. Husema, "Fundi, gari limekuwa zito, nataka lipumue." Na nusu ya maneno yake ni kweli. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, hupoteza hapa takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwa nayo Dar es Salaam. Kijana aliyechukua Toyota IST yake bandarini, akahisi imechoka ilipofika huku, hakuwa anaota. Shida ni kwamba upungufu huo uko mlangoni, hewa inapoingilia, nasi tunautafutia dawa uani, moshi unapotokea.

Injini ya silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 ya moshi kila sekunde. Kila pigo linapokimbia bombani huacha nyuma yake mvuto unaosaidia kunyonya moshi wa silinda inayofuata, na mvuto huo hutegemea mwendo wa moshi, ambao nao hutegemea upana wa bomba. Ukichukua gari la cc 1,500 ukalivalisha bomba la inchi 3, moshi hupunguza mwendo, na nguvu ya chini, ile ya kuondokea ukiwa na abiria wanne na mzigo nyuma, ndiyo inayopungua kwanza. Dereva hautambui upungufu huo kwa sababu masikio yake yamekwisha kumwambia kwamba gari linakimbia.

Niliwahi kubishana na mteja mmoja juu ya jambo hili mpaka tukakubaliana kupima. Kabla ya kukata mofla tulitoka asubuhi na mapema barabara ya Urambo, yeye akiendesha, mimi nikihesabu kwa simu muda wa gari kutoka kilometa 40 hadi 80 kwa saa katika gia ya tatu. Tulirudi gereji, nikakata, nikachomelea bomba tupu, tukaenda tena palepale. Sekunde zilikuwa zilezile. Aliitazama simu, akacheka, akaniambia, "Lakini sikia inavyolia, fundi." Akalipa, akaondoka na furaha yake.

Wenye Subaru za turbo wataniona sijui ninachosema, kwa kuwa ngurumo ya gari lao ni ya asili. Ni kweli, ila asili yenyewe ni hii: injini zile za zamani zilikuwa na mabomba ya kutolea moshi yasiyolingana urefu, hivyo mapigo yaliifikia turbo kwa vipindi visivyo sawa, na sikio likasikia ule mdundo unaopendwa. Baadaye watengenezaji waliposawazisha urefu wa mabomba ili moshi uifikie turbo kwa mpangilio mzuri zaidi, mdundo ukafifia. Sauti inayosifiwa kuliko zote katika gereji zetu ilitokana na kasoro ya upumuaji.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mafundi wenzangu hawatafurahi kulisoma gazetini. Mkoa huu mtu akitaja masega hufikiria nyuki na asali, lakini gereji neno hilo lina maana nyingine: ni kile kichujio chenye vitundu vidogo kilichomo ndani ya ekzosi, kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, ambacho hugeuza hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi na petroli isiyoungua kuwa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Madini hayo yana soko, na wanunuzi hupita gereji hadi gereji wakiulizia. Mteja anapoambiwa kwamba masega yanaziba injini, hulipa ufundi wa kuyatoa, akaondoka bila kuuliza yamebaki wapi. Fundi hulipwa mara mbili, na malipo ya pili ndiyo makubwa. Nimefanya hivyo, na sitajificha nyuma ya neno "baadhi yetu".

Yapo masega yaliyoziba kweli. Plagi ikifa na dereva akaendelea kutembea hivyohivyo kwa wiki kadhaa, petroli mbichi huungulia humo hadi vitundu vikayeyuka vikashikana, na hapo gari hukosa nguvu waziwazi. Ukiyatoa linaruka kama limefunguliwa kamba. Imani yote imezaliwa hapo. Lakini hilo hupimwa: unafungua sensa ya mbele, ile inayopima oksijeni ya moshi kabla ya masega, unafunga geji ya presha kwenye tundu lake, unakanyaga mafuta, unasoma. Kazi hiyo haifiki nusu saa.

Tusipopima, yanatokea kama ya IST moja niliyoitoa masega kwa haraka siku ya Jumamosi. Wiki ya pili ilirudi na taa ya injini inawaka, mafuta yanaisha kabla ya siku zake. Taa niliitegemea, kwa kuwa sensa ya nyuma iliona moshi haujachujwa. Mafuta yalinishangaza, hadi nilipopaka maji ya sabuni kwenye kiungo nilichochomelea mbele ya sensa ya kwanza nikaona povu likitoka mahali padogo pasipozidi kichwa cha kiberiti. Tundu hilo lilikuwa likinyonya hewa ya nje kati ya pigo na pigo, sensa ikaripoti kwamba mafuta ni machache, na kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, ikawa inamwaga mengine.

Anayetaka nguvu ya kweli aanze na chujio la hewa, ambalo kwa vumbi letu huziba mapema kuliko kitabu kinavyosema, kisha plagi, kisha breki, zisiwe zinabana magurudumu. Turbo hurudisha hewa tuliyonyimwa na mwinuko, ila hudai gasketi, mafuta ya injini na mfuko unaolingana nayo. Zile "risasi" za nyuma, milio ya kupasuka kwenye bomba la moshi, ni petroli inayolipukia ndani ya bomba badala ya silinda, na gharama yake huziangukia valvu na turbo.

Sheria hazikosekani, kuanzia ile ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hadi kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Lakini dereva akitozwa faini leo, kesho fundi humkatia mwenzake. Ninapendekeza kila gereji ilazimike kumwandikia mteja risiti ya kifaa ilichokitoa, masega yakiwamo, na kumkabidhi kifaa chake mkononi.

Kwa upande wangu, nyuma ya gereji bado ninazo mofla kumi na moja ambazo wenyewe walisema watazifuata. Nimeziandika namba za magari kwa chaki. Atakayekuja nitamrudishia na kumfungia, alipe vijiti vya kuchomelea tu.

Fundi wa magari,
Ng'ambo, Tabora