Kwa shoga yangu wa Langoni

Shela, Malindi

Shoga yangu,

Assalamu alaikum. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama kaniambia mimba yako imeingia mwezi wa 7, ndipo nikaona nikuandikie yale niliyoshindwa kukueleza kwa simu mwanangu alipolazwa.

Alianza na makamasi Jumatatu. Jumatano usiku nikimfunua fulana, kila akivuta pumzi ngozi inadidimia katikati ya mbavu. Akishika titi ananyonya mara mbili, anaachia aheme. Zahanati ya kwanza walitupa dawa ya bakteria wakaturudisha nyumbani. Hospitalini alikaa siku 4 kwenye oksijeni. Bibi akasema ni upepo wa kaskazi, jirani akasema kijicho. Mimi nikajilaumu kwa kumwogesha jioni.

Kumbe ni kirusi cha njia ya hewa kiitwacho RSV. Nikamuuliza daktari, mtoto wa miezi mitatu asiyetoka ndani kakipata wapi? Akanihadithia utafiti uliofanywa hapa hapa Kilifi kwetu, msimu wa 2009 na 2010. Watafiti waliingia nyumba 47, wakachukua makamasi ya kila mtu, mgonjwa na mzima, mara mbili kwa wiki kwa miezi sita. Wakaona kwamba aliyekileta ndani mara nyingi ni kaka au dada anayekwenda shule.

Baadaye wakasoma jenomu yake, yaani maandishi yote ya kirusi, herufi kama 15,000. Kinapozaana hukosea herufi hapa na pale. Unakumbuka chuoni kwa maalimu wa Kurani, mmoja akikosea herufi kwenye ubao, wote walionakili kwake wanatoka na kosa lile lile? Basi ndivyo. Virusi vya nyumba moja vilifanana makosa, na mara nyingi ilionekana vilitokana na kirusi kimoja tu kilichoingia mlangoni. Niliposikia hayo nililia, shoga. Si maji ya jioni.

Nakuomba mambo mawili. Kliniki waulize kama wana chanjo ya RSV ya wajawazito. Marekani na Ulaya waliiidhinisha mwaka 2023; anachomwa mama, kinga inampitia mtoto tumboni. Inakinga kundi A na kundi B la kirusi, na hao wasomaji wa jenomu ndio wanaochungulia kisije kikabadilika kikaikwepa.

La pili, hao wanao wawili wakitoka chuoni wanawe kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na mwenye mafua asimbusu usoni. Lakini usiwagombeze. Wangu wa kwanza alisikia maneno ya daktari, akakaa siku nzima hataki kumkaribia mdogo wake. Nilimpakata nikamwambia hana kosa, hakujua, hata mimi sikujua. Sasa ananawa mpaka viwiko, kisha anambusu nyayo.

Msalimie mumeo na watoto. Ukikaribia kujifungua nijulishe, nije nikulelee arubaini.

Shoga yako