Risala ya Wanafunzi wa Klabu ya Urithi kwa Mgeni Rasmi: Nyumba Zetu za Mji Mkongwe wa Zanzibar

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi, wazee wetu wa mitaa, walimu na wanafunzi wenzetu,
Assalaam aleikum.

Tunakushukuru kwa dhati kwa kuacha shughuli zako ukaja kutusikiliza. Majengo maarufu ya mji wetu, Beit el Ajaib na Ngome Kongwe, yana wasemaji wengi. Sisi tunaomba kuzisemea nyumba tunazolala, za mitaa ya Kiponda, Malindi, Mkunazini na Sokomuhogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mpita njia huanza kuuona mlango, na milango yetu inastahili kutazamwa: ile ya mtindo wa Kiarabu iliyonyooka juu, na ile ya Kihindi yenye tao na misumari ya shaba. Lakini uhai wa nyumba umo ukutani. Ukuta huo ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa udongo na chokaa, mnene kiasi cha nusu mita na pengine zaidi, na juu yake zimelazwa boriti za mikoko. Boriti hazifiki mbali, kiasi cha mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Mwanga na hewa huingia kupitia ua wa ndani, na joto la mchana huchelewa kuupenya ukuta.

Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu wa ardhi na wa mvua, kisha chokaa huuachia utoke. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa njia. Hubaki ndani ukilegeza udongo, hupanda, hufika kwenye ncha za boriti zilizojificha ukutani, nazo huoza bila mtu kuona. Nje nyumba inang'aa, ndani dari imeanza kulegea. Hili ndilo linalotuuma zaidi, kwa sababu mara nyingi aliyepiga saruji ni mtu anayeipenda nyumba yake na ameitolea akiba yake yote.

Hatuwalaumu wazazi wetu. Chokaa inataka subira: ichomwe, izimwe kwa maji, iachwe ikomae. Saruji ipo dukani na hukauka upesi. Tena nyumba iliyojengewa ukoo mmoja leo huenda ikawa na familia kadhaa, kila moja na bomba lake, na bomba likivuja juu, anayeteseka ni wa chini.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji huu katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Tunajivunia, ila kwetu sisi huu kwanza ni mtaa wa watu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ombi letu kubwa ni mafunzo. Mafundi wanaojua chokaa ni wazee, na tungependa vijana wa mitaa hii wafanye kazi chini yao, walipwe, hadi waweze kuezua dari na kubadilisha boriti wenyewe. Tunaomba pia utusaidie kuifikia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, ili maofisa wake waje kwenye baraza zetu kuwaeleza wenye nyumba na wapangaji, kabla mfuko wa kwanza wa saruji haujafunguliwa.

Tunaomba kuwasilisha.